Pumzi Isiyo Yake

Aliyeuliza mwanzo si Thoya mwenyewe, ni Saif, mpiga gitaa la besi wa bendi yao. Ilikuwa Jumapili mchana, wamemaliza kuwapigia watu wakila kwenye hoteli moja upande wa Nyali, vyombo vinafungwa, na Saif amekaa juu ya spika, simu sikioni, anasikiliza alichorekodi. Mara ya kwanza alisikiliza akicheka peke yake. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu akamwita Thoya kando, nyuma ya jiko la hoteli, mahali ambapo moshi wa mafuta haumwachi mtu akasimama kwa raha.

"Mzee, hebu nambie. Pale katikati ya wimbo ule mpya, ulipumua wapi?"

"Nilipumua panapopumuliwa. Swali gani hilo?"

"Hukupumua. Nimehesabu, mzee. Dakika nne na zaidi, hujavuta hata tone. Sikiza mwenyewe."

Thoya akasikiliza. Mtu yeyote anayepuliza chombo lazima avute pumzi, na mwenye sikio huisikia ikiingia, fupi, ya haraka, kabla ya sauti inayofuata. Katika rekodi ile kulisikika vijiko, kulisikika mtoto akililia soda, kulisikika mgeni mmoja akikohoa meza ya mbali. Pumzi ya Thoya haikuwemo. Sauti ya saksafoni ilitoka tu, nono, haikatiki, kama maji ya mfereji uliosahauliwa wazi.

"Wako watu wajuao kuzungusha pumzi," Thoya akasema. "Wavuta puani huku watoa mdomoni."

"Nawe wajua?"

"Najua."

Uongo mtupu. Miaka arobaini ya saksafoni, na jambo hilo hakuwahi kuliweza hata siku moja.

Kwao Thoya Mung'aro ni Kaloleni. Alishuka Mombasa mwanzoni mwa miaka ya themanini, shati la maua, suruali pana miguuni, nywele kaziacha zimeumuka, akapewa nafasi katika bendi ya hoteli kumshikia mtu aliyeugua. Yule mgonjwa alipopona alikuta hana kazi. Ndivyo Thoya alivyokuwa akipiga! Jazi wakati wa chakula, fanki wakati wa kucheza, na wasichana wa Majengo walikuwa wakienda mpaka kwenye ua wa hoteli wasimame nje ya ukuta wamsikilize. Kisha wenye hoteli wakagundua kwamba kijana mmoja na kompyuta yake anakula sahani moja, bendi inakula sahani nane. Thoya akajikuta kwenye harusi na matanga na siku za wazazi mashuleni.

Juu ya hayo likaja la kifua. Aliishi na mkewe miaka tisa karibu na Kibarani, wakati jaa la taka lilipokuwa likiwaka usiku na mchana, na moshi ule ukamla mapafu yakabaki nusu. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno, mzee, chombo hicho kiuze. Hakukiuza. Akawa anapiga vipande vifupi vifupi, anajificha nyuma ya gitaa kila anapotaka kuvuta pumzi, maana kifua kilikuwa kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na ile aibu ya watu kumsikia akihema ilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Mkewe, Everlyne, ndiye aliyetafuta nyumba Mji wa Kale, ghorofa ya juu katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, ili waepukane na moshi. Hakuna mtu mwingine aliyeitaka nyumba ile, kwa sababu dirisha lake la nyuma linatazamana na ua wa Bi Mwanakhamis, na Bi Mwanakhamis ni fundi wa kupunga pepo. Mashehe wa mtaa walimkemea hadharani, na wake zao walimwendea kwa mlango wa uani.

Basi mwezi wa Rajabu akaletwa kwa Bi Mwanakhamis mwanamke mmoja wa kutoka Faza, mgonjwa, hasemi wala hali chakula. Siku saba, kila baada ya swala ya alasiri, wanawake waliimba na kupiga ngoma uani. Thoya alisikiliza siku ya kwanza akiwa kitandani. Siku ya pili alisimama dirishani. Ulikuwa wimbo mfupi, wa kupanda, unaouliza kitu kisha unakuacha umesimama unangojea jibu, na mwendo wake, subhanallah, ulikuwa fanki tupu, fanki ya kabla ya fanki kuzaliwa. Siku ya tatu akaitia saksafoni soksi mbili mdomoni isisikike, akaanza kuufuata.

"Baba Dama," mkewe akamwambia, "achana na ngoma ya wenyewe. Hiyo yaimbiwa mtu, haipigwi ovyo."

"Muziki hauna mwenyewe, Mama Dama."

"Huu una mwenyewe. Husikii wanavyomwita?"

Thoya akamcheka. Alifuata siku nne, akaushika wote. Siku ya saba, siku ambayo ngoma hufungwa, alikuwa na harusi Mtwapa, kwa hivyo hakusikia walichoimba siku hiyo, na hakuona kwamba amekosa kitu.

Alipoutia besi na dramu, akauita "Baada ya Alasiri". Siku ya kwanza kuupiga mbele ya watu, pumzi ilimwingia kifuani yenyewe. Hakuivuta. Ilikuja baridi, tamu, ina harufu ya udi kwa mbali, ikamjaza mpaka mbavu zikaachana, na ilipokaribia kwisha ikaja nyingine. Mtu aliyeishi na nusu ya mapafu hana swali la kuuliza siku kama hiyo. Alipomaliza aliingia msalani, akafunga mlango, akalia kwa furaha.

Ikawa kila anapoupiga, watu wanaacha sahani zao. Video zikazunguka. Akapigiwa simu kutoka Nairobi, kisha akapigiwa simu na wakala wa matamasha ya Ujerumani, ati atafika Mombasa Jumamosi ya pili ya mwezi amsikie kwa masikio yake, na akiridhika basi ni safari ya miezi mitatu. Ujerumani! Thoya wa Kaloleni, umri miaka sitini na mmoja, meno mawili hana.

Na katika miezi hiyohiyo Everlyne akaanza kuugua.

Everlyne alikuwa fundi cherehani katika duka la Ruweida, hapohapo Ndia Kuu, na Jumapili alikuwa mwimbaji wa kwaya. Si mwimbaji wa kujazia mstari. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama peke yake mbele, wenzake wamenyamaza, na kanisa zima likawa linamtazama yeye. Kwanza zilimshinda ngazi za nyumbani. Kisha akawa anaanza ubeti hamalizi. Kisha akamwambia mwalimu wa kwaya ampumzishe kidogo, akarudi nyumbani, akaketi jikoni akalia, na hakupenda mumewe amwone. Hospitali walimpiga picha ya kifua wakaikuta safi. Mapafu ya msichana, mama, alisema daktari. Nenda upumzike.

Jumatano, siku tatu kabla ya wakala kufika, Thoya alikuwa sebuleni mchana akifanya mazoezi, na Everlyne yuko jikoni anachambua mchele, anavuma wimbo wake wa kanisani kwa sauti ya chini, ile ya mtu asiyejijua kama anaimba. Thoya akaweka saksafoni mdomoni, akaanza "Baada ya Alasiri". Uvumaji jikoni ukakatika papo hapo.

Akaacha kupiga. Baada ya kitambo, kule jikoni mtu akavuta pumzi kwa nguvu, akakohoa, mchele ukaanza tena kuchambuliwa.

Akapiga tena. Kimya.

Alitaka kuacha, na hakuacha, kwa sababu pumzi ilikuwa imeshaingia, tamu kama kawaida, na alipogeuka polepole kuelekea mlango wa jikoni, saksafoni bado mdomoni, alimwona mkewe amesimama kizingitini na ungo wa mchele mikononi, kinywa wazi, macho yametoka, kifua chake kinashuka, kinashuka, kinazidi kushuka, hakipandi, na kila Thoya alipoongeza sauti ndivyo kifua kile kilivyozidi kuingia ndani, huku harufu ya udi ikijaa chumba kizima na nyumba yao haina hata chetezo. Akaiondoa saksafoni mdomoni kwa mikono miwili. Wimbo haukunyamaza. Uliendelea, mwembamba, kama mluzi, ukitoka katika kinywa kilicho wazi cha Everlyne.

Kisha sauti isiyokuwa ya Everlyne ikasema, "Endelea."

Ungo ukaanguka. Mkewe akaanguka juu yake.

Alipomlaza na kumpepea na kumwona amerudiwa na rangi, hakumweleza alichokiona. Everlyne mwenyewe hakukumbuka ila kizunguzungu. Thoya akashuka ngazi miguu mitupu, akazunguka kichochoro, akabisha mlango wa uani.

"Masalkheri, Bi Mwanakhamis."

"Masalkheri, Bwana Thoya." Bibi alikuwa mtu mfupi, mnene, anakata ndimu za achari kwa kisu kidogo, wala hakuinua uso. "Nalikuwa nakungoja tangu mfungo. Naisikia tarumbeta yako yapita dirishani, nikasema huyu mtu atakuja mwenyewe siku moja. Keti."

Thoya akaketi, akaeleza yote kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba kuna mwingine anayesikiliza. Na huenda alikuwako.

"Umeiba ngoma ya wenyewe kwa dirishani," bibi akasema, kisu kimesimama. "Mtu mzima wewe! Hata kama ungekuja kuniuliza, ningekwambia. Nyimbo ni mbili. Wa siku sita ni wa kuita. Wa siku ya saba ni wa kuaga. Mimi nikimwita huwa nimeshamtayarishia mtu wa kumpanda, sinia lake liko, marashi yake yako, na siku ya saba namuaga kwa heshima, yuwenda zake. Wewe wamwita. Miezi mitano wamwita, mchana mbele ya watu, halafu wafunga tarumbeta yako kwenye sanduku wamwacha mlangoni."

"Sikujua, bibi."

"Hukuuliza. Huyu yuwapenda kuchezewa, lakini hana kifua cha kukupa. Amekukuta na pumzi nusu. Nyumbani kwako kuna mwingine mwenye pumzi nzuri ya kuimbia. Basi yuwachota huko yuwakutilia wewe." Akaweka kisu chini. "Kila ukipiga, wapiga na mkeo."

Thoya akafunika uso kwa viganja.

"Aweza kuagwa?"

"Aweza. Leo hii. Lakini alomwita ndiye amuage, kwa chombo kilekile, mimi nitakufundisha. Na uupige kwa pumzi yako mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ukichukua yake hata moja, atajua wataka akae, na atakaa kwa mkeo hadi pumzi ziishe. Baada ya hapo wimbo wa kuita usiuguse tena maisha yako."

Hapa ndipo Thoya alipokosea, na kosa hili halikuwa la kutojua. Akafikiria Jumamosi. Akafikiria miaka arobaini ya kupigia watu wanaotafuna. Akafikiria kuhema mbele ya yule wakala kama mbwa aliyekimbizwa.

"Nipe mpaka Jumamosi jioni, bibi. Siugusi wimbo huo. Nitapiga nyingine. Nikitoka jukwaani naja hapa moja kwa moja."

Bi Mwanakhamis akachukua tena kisu chake.

"Huyo mkeo yuwajua kwamba umemuomba siku tatu?"

Thoya akainuka. Aliondoka kinyumenyume.

Jumamosi alimwomba Ruweida afunge duka mapema akakae na mkewe, akasema tu kwamba presha yake haiko sawa. Everlyne alimnyoshea shati mwenyewe, ameketi, maana kusimama kulikuwa kumeshamshinda. Alikunywa chai ya tangawizi, akatia karafuu moja jinoni kwa sababu ya jino lililokuwa likimsumbua, akamfunga mumewe kifungo cha shingoni.

"Nenda kapige, Baba Dama. Wakuone hao Wazungu. Nitapona tu."

Saa saba mchana hoteli ilijaa. Wakala alikuwa meza ya mbele, mtu mrefu, mpole, ana daftari dogo. Thoya alipiga nyimbo nne za zamani kwa kifua chake mwenyewe, akakata hapa, akahema pale, akaruka sauti za juu. Watu walipiga makofi ya adabu. Wakala akatazama saa. Saif akamsogelea, akamnong'oneza sikioni, "Mzee, kuna nini? Piga ule." Thoya akatikisa kichwa. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Baada ya Alasiri!" na wengine wakaitikia, na dramu, bila kungoja ruhusa, ikaanza ule mwendo. Wakala alikuwa ameshafunga daftari lake na kushika mkoba.

Kidogo tu, Thoya akajiambia. Mizunguko miwili, asimamishe.

Pumzi ikaja kabla hajaiita. Ilikuja nyingi kuliko siku zote, ikamnyanyua mabega, na watu wakanyamaza wote kwa pamoja, na mizunguko miwili ikapita ikawa minne, na alipotaka kuacha akakuta midomo imegandana na chombo na vidole vinakwenda vyenyewe, na pumzi ile ilipokuwa ikimpita kooni safari hii haikuwa na harufu ya udi, ilikuwa na ladha, na ladha yake ilikuwa tangawizi, na nyuma ya tangawizi karafuu, na akajua ni kinywa cha nani, akajua kwamba kila sauti tamu inayotoka mbele ya watu hawa inatolewa kwenye kifua cha mwanamke aliyemfunga kifungo asubuhi, akapiga kelele ndani ya saksafoni, na kelele zikatoka zikiwa muziki, muziki mzuri ambao hajawahi kuupiga maishani, machozi yanamtoka, anamtafuta Saif kwa macho.

Saif alikuwa anamtazama. Tangu ile Jumapili hakuacha kumtazama kifua. Aliona mbavu za mzee hazipandi wala hazishuki, akaona yale macho, akatupa gitaa lake chini, akauvamia mkanda wa shingoni, akaivuta saksafoni kwa nguvu zake zote mpaka ikatoka na ngozi ya mdomo. Watu walidhani ni maonyesho. Walisimama wote wakishangilia, na wakala akiwa wa kwanza.

Simu ya Thoya ilikuwa inalia mfukoni. Ruweida.

"Njoo," akasema, analia. "Njoo upesi. Amebadilika rangi."

Alipofika, damu imemkaukia kidevuni na saksafoni kwapani, Bi Mwanakhamis alikuwa ameshapanda na wanawake watatu. Chetezo kinafuka. Sinia liko chini, halua, marashi, kitambaa cheupe. Everlyne amelazwa mkekani, midomo imeiva rangi ya zambarau.

"Umeugusa," bibi akasema.

"Nimeugusa."

Hakumkaripia. Aliinama akamwambia mgonjwa kwa upole, kama anavyoambiwa mgeni mkubwa, "Bwana, watu wako wamekuchosha. Sinia lako hili. Twakuomba uende."

Everlyne akajibu, na Ruweida akaziba masikio, kwa sababu maneno hayakutoka pamoja na pumzi kama ya binadamu, yaliingia pamoja nayo, kila neno likivutwa ndani. "Yuwanipigia vizuri. Siendi. Humu mna nafasi."

"Piga," Bi Mwanakhamis akamwambia Thoya. "Mimi nitaimba kipande, wewe wanifuata. Ukiletewa pumzi, ikatae. Kohoa, hema, lia, lakini iwe yako."

Wimbo wa kuaga ulikuwa mrefu. Ulianzia pale pale ule wa kuita ulipokomea, ukashuka ngazi ngazi, ukijibu. Thoya alipuliza kipande cha kwanza, kikamwishia njiani, akavuta pumzi kwa kifua chake kibovu na bawaba ile ikalia chumba kizima, mbele ya wanawake wote. Akapiga cha pili. Kidonda cha mdomo kikafunguka. Akapiga cha tatu, akakohoa, akatema, akarudi. Kilikuwa kitu kibaya kusikilizwa, vipande na makohozi. Na hapo ikamjia ile nyingine, baridi, tamu, ikasimama kwenye meno yake ikingoja afungue, na akaikazia koo, na ikazunguka ikamjia puani, na kifua chake kilikuwa kinaungua, macho yanaona giza pembeni, na kila kiungo cha mwili wake kilikuwa kinaitaka, kwa maana mtu anayezama hakatai hewa, na kutoka mkekani sauti ya mkewe, yake halisi kabisa, ikamwita, "Baba Dama, chukua tu, mimi nimekupa, chukua," na akajua huyo si yeye, na hata kama angekuwa ni yeye asingekubali, akatikisa kichwa, akavuta kile kidogo alichoweza kuvuta mwenyewe, chenye moshi wote wa Kibarani ndani yake, akakipuliza.

Kipande cha mwisho kilikuwa sauti tatu tu. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka nusu. Ya tatu hakuwa nayo. Alipiga magoti, akaisukuma kwa tumbo, kwa mgongo, ikatoka nyembamba ikitetemeka, ikakaa mahali pake.

Pazia la dirisha la nyuma likavutwa nje, kama mtu mnene anapita, likarudi. Harufu ya udi ikakatika ingawa chetezo kilikuwa bado kinafuka. Everlyne akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akafungua macho.

"Nani amemwaga marashi kwenye mkeka wangu?" akauliza.

Thoya akamwangukia begani akalia kama mtoto. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mwanakhamis hakupiga, alikuwa anakusanya vitu vyake, na alipopita mlangoni akamwambia Thoya peke yake, "Ulimweka siku tatu zaidi, na alikuwa amekwisha kuzoea. Hendi mikono mitupu huyo. Kuna kitu chako amechukua. Sikijui ni kipi, utakijua mwenyewe."

Thoya alijichunguza mwili mzima. Macho yanaona. Vidole vyote vinakunjika. Kifua kilekile kibovu. Wakala alipiga simu mara tano, na mara ya sita Thoya akamwambia hapana, ahsante, na akafuta kila video aliyokuwa nayo, akamwomba Saif afanye hivyo na asimuulize kwa nini. Saksafoni akaifungia sandukuni, hakuigusa. Redio ilimkera, akaizima, akadhani ni uchovu. Wiki tatu Everlyne akanenepa, akapanda ngazi na kapu la sokoni kichwani bila kutua, na Thoya alikuwa akiketi juu kumsikiliza akipanda, akimshukuru Mungu kwa kila ngazi. Akasema moyoni kwamba bibi kizee alimtisha bure.

Jumapili ya nne Everlyne alirudi kwenye kwaya. Kanisa lilijaa mpaka nje. Walimwacha asimame peke yake mbele, kama zamani, gauni jeupe alilolishona mwenyewe, wenzake wamenyamaza. Kinanda kikaanza, na Thoya akakunja uso, maana ilikuwa kama mtu anagongagonga sufuria chumba cha pili. Akamtafuta mpigaji amwone ana nini. Mpigaji alikuwa ametulia kabisa.

Everlyne akafungua kinywa.

Thoya alisikia maneno. Aliyasikia yote, moja baada ya jingine, wazi, kama mtu anasoma majina ya wanafunzi darasani. Bwana. Ni. Mchungaji. Aliona kifua cha mkewe kinapanda na kushuka vizuri, aliona shingo yake ikinyooka pale ambapo sauti lazima ilikuwa inapanda, na akangoja wimbo uje, akakaza masikio mpaka yakauma, akajaribu kuukumbuka, akajaribu kukumbuka wimbo mwingine wowote, wa hoteli, wa mama yake, na hakuupata hata mmoja, kulikuwa na maneno tu na kelele. Mzee aliyekaa kando yake alikuwa anajifuta machozi. Watu walikuwa wanayumba. Thoya akatazama miguu yao, akaanza kuyumba kwa kuifuata.

Ibada ilipokwisha Everlyne alimjia mbio kwenye ngazi za nje, jasho linamng'aa usoni, akamshika mikono miwili.

"Baba Dama! Niambie ukweli wako, nawe ndiye mwanamuziki. Nimeimba vipi?"

Thoya alimtazama.

"Sijawahi kukusikia hivyo," akasema.

Everlyne akacheka, akaingiza mkono wake kwapani mwa mumewe, wakashuka ngazi. Njia nzima mpaka Ndia Kuu aliurudia wimbo ule kwa sauti ya chini, na Thoya akawa anamwitikia kwa kichwa.